Msimu wa Kokoto Safi

Jumatatu, 3 Juni

Mvua zimekwisha. Mama ameligonga tangi la maji ya mvua la bustani kwa kifundo cha kidole, kuanzia juu kwenda chini, akisikiliza ni wapi mlio unabadilika. Umebadilika karibu kabisa na mfuniko, maana yake limejaa. Tangi likijaa mwanzo wa kiangazi Mama huimba akiosha vyombo, na leo ameimba.

Nimeamua kuandika mpaka kiangazi kiishe, hata siku isiyo na neno. Mwalimu wetu anasema anayeandika siku nzuri tu hawadanganyi wengine, anajidanganya mwenyewe. Basi nianze na bustani, kwa sababu ndiko tunakoshinda.

Ardhi ya kisiwa chetu ni mawe na chumvi. Ukipiga jembe, jembe linakurudishia mkono. Kwa hiyo bustani ya jumuiya haina udongo. Ina matangi mawili ya samaki, perege, na makasha sita ya mbao yaliyojaa kokoto, na mboga zimepandwa kwenye kokoto hizo. Pampu ya kila tangi inapandisha maji ya samaki mpaka kwenye makasha, mboga zinakunywa, na maji yanarudi kwa samaki yakiwa yametulia. Samaki wanazilisha mboga, mboga zinawaogesha samaki. Mama Pacha, jirani yetu mwenye mapacha wawili na ulimi wa watu watatu, husema hiyo ndiyo ndoa pekee kisiwani ambayo pande zote mbili zinafanya kazi.

Sheria ya bustani ni moja: hakuna kemikali. Dawa ya wadudu haivuki mlango, wala mbolea ya dukani, wala hata sabuni. Ukipulizia majani dawa, unawaua samaki. Ukiwatibu samaki kwa dawa, unaziua mboga. Wadudu tunawatoa kwa vidole.

Mlinzi wa sheria hiyo ni mwenyekiti wetu, Bibi Nesi. Ni muuguzi mstaafu, na nusu ya kisiwa wamezaliwa mikononi mwake, nami nimo katika nusu hiyo. Hajui kukupa mkono kabla hajatazama kucha zako.

Wiki ijayo wanakuja wageni kutoka chuo kimoja cha bweni ng'ambo. Wanatafuta mboga zisizo na kemikali kwa ajili ya jiko lao. Wakituchukua, chuo kitamwajiri Mama kama msimamizi wa bustani, kazi anayoifanya sasa bila mshahara. Wasipotuchukua, Mama atakwenda kupika kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, huko huko ng'ambo, mahali alipotafutiwa nafasi na mjomba. Mkataba wa kambi ni wa miaka miwili na watoto hawaruhusiwi. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, kwa hiyo hakuna wa kugawana naye mzigo. Mjomba hupiga simu kila Jumapili jioni kuuliza kama ameamua, na kila Jumapili Mama humwambia angoje kwanza.

Sijui kuliandika jambo hili vizuri kuliko hivi: nataka Mama abaki.

Jumatano, 5 Juni

Nimetoa wadudu kwenye spinachi mpaka kucha zimekuwa za kijani. Bibi Nesi amezitazama na kusema leo tu nimesamehewa.

Jumamosi, 8 Juni

Mama amekwenda ng'ambo kwa boti ya asubuhi kununua chakula cha samaki. Atarudi kesho.

Nilitoka masomo ya ziada saa sita, na tangu njiani niliona moshi upande wa bustani. Nikakimbia. Niliwakuta akina mama wote wa kikundi cha bustani, vitambaa vichwani, na masufuria makubwa ya kuazima yakichemka juu ya mawe. Katikati yao alisimama Bibi Nesi, amevaa aproni yake nyeupe ya hospitali, akielekeza kwa mwiko.

Walikuwa wameng'oa mboga moja moja na kuzilaza kwenye mabeseni ya maji. Kisha wakachota kokoto zote, wakazimwagia maji yanayotokota, wakazisuuza mara tatu, wakazirudisha, wakapanda mboga upya. Makasha yote sita. Maji yaliyomwagwa yalikuwa meusi kama ya kuoshea jiko, na yameacha ute mzito ukutani.

"Sabuni sikugusa hata tone," Bibi Nesi aliniambia kabla sijauliza. "Moto si kemikali."

Fundi wa mabomba naye alikuwapo. Watu wanamwita Kesho, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali. Leo amefungua mabomba yote ya zamani yenye ukoga na kufunga mapya, na amemaliza leo leo. Mama Pacha alipendekeza tuiweke siku hii katika historia, tuwaeleze wajukuu.

Kokoto zilikuwa zinang'aa. Kumbe baadhi ni za rangi ya waridi, sikuwahi kujua. Nilipita kasha kwa kasha nikizitazama, na moyoni nikasema Mama akiona hivi atalia kwa furaha.

Jumapili, 9 Juni

Mama amerudi saa tisa na gunia begani. Kikundi kizima kilikuwa kinamsubiri mlangoni kama watu wa harusi. Aliingia, akasimama. Akatua gunia polepole sana.

"Yote sita?" aliuliza.

"Muuguzi haoshi kidonda nusu," alijibu Bibi Nesi.

Mama alimshukuru. Aliwashukuru wote, mmoja mmoja, akawaambia wamechoka, waende kupumzika. Walipoondoka alikwenda ukutani, pale ulipomwagwa ule ute mweusi. Ulikuwa umekwisha kukauka kwa jua. Alichuchumaa, akachukua kidogo, akausaga kati ya vidole. Ukawa vumbi.

Nyumbani alinieleza huku akikata vitunguu, na sikujua machozi yalikuwa ya kipi. Samaki wakikojoa, maji yanaingia amonia, na amonia ni sumu kwao. Kinachowaokoa ni bakteria wanaoishi ndani ya ule ute kwenye kokoto. Wanaila amonia, wanaigeuza kuwa kitu kingine, wanakigeuza tena, mpaka inakuwa chakula cha mboga. Uchafu ule ndio uliokuwa mfanyakazi wetu mkuu, na ulichukua karibu msimu mzima kukaa sawa bustani ilipoanza.

Nikamwuliza kama hawatarudi.

"Watarudi. Wako hewani, wako majini, watakuja wenyewe. Lakini hawaji kwa kuitwa."

"Basi tumwambie Bibi Nesi."

Aliweka kisu chini. Alisema yule mama ameshinda kwenye moshi, na presha yake, na magoti yake, kwa ajili yetu. Atamwambiaje kwamba amewaua wafanyakazi na huenda na samaki pia? Ataona aibu na kujitoa. Akijitoa yeye, akina mama wote watamfuata, kwa sababu wako pale kwa ajili yake. "Tutasema tu kwamba mtu asioshe kitu mpaka nitakaposema. Na wewe usiseme zaidi ya hapo. Umenisikia, mwanangu?"

Nimesikia.

Mjomba alipopiga, Mama alimwambia wageni wanakuja keshokutwa, angoje kwanza.

Jumatatu, 10 Juni

Mama amempigia yule muuza chakula cha samaki kumwuliza kama anamjua mtu mwenye bustani kama yetu, ampatie kokoto chafu. Ukiwa na kokoto chafu chache tu zilizo mbichi, bakteria huanza upesi. Muuzaji alicheka sana, akasema watu wa visiwani wana mizaha.

Jumanne, 11 Juni

Wageni wamekuja. Mpishi mkuu wa chuo ni mtu mnene anayetembea bila kishindo. Alichuma jani la saladi, akalitafuna akiwa amefumba macho, na sote tukanyamaza kana kwamba anasali. Kisha akazipapasa kokoto kwa kiganja na kusema ameona bustani nyingi, lakini iliyo safi namna hii hajaiona.

Bibi Nesi aliwatazama wenzake bila kucheka, ila mabega yake yalipanda.

Wamekubali. Watarudi Jumatano ya tarehe 31 Julai kuchukua mzigo wa kwanza. Mboga zikiwa kama walivyoziona leo, kazi inaanza na Mama anaajiriwa. Watu wamepiga makofi. Mama pia amepiga. Mimi nimepiga huku nikiwatazama samaki, ambao walikuwa wanazunguka kama kawaida, hawajui.

Alhamisi, 13 Juni

Mama hupima maji kwa kichupa: anachota kidogo, anatia matone, anangoja rangi. Njano ni salama. Leo yamekuwa kijani hafifu, kama majani ya chai ya jana.

Ijumaa, 14 Juni

Kijani.

Jumamosi, 15 Juni

Samaki wamepanda juu, midomo nje ya maji, wanafungua na kufunga. Ukikaa kimya unawasikia. Ni wadogo bado, hawajafika urefu wa kiganja, hatuwezi hata kuwavua tukawala. Mama ameacha kuwalisha ili wasichafue maji zaidi. Kwa hiyo wana sumu na wana njaa, na ndiyo huruma pekee tuliyo nayo.

Wa kwanza amekufa alasiri. Nilimtoa kwa mkono. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

Jumapili, 16 Juni

Kumi na moja. Mjomba alipiga. Angoje kwanza.

Jumanne, 18 Juni

Dawa ya sumu hii ni kubadilisha maji, na maji ndiyo hatuna. Tangi la mvua likimalizwa sasa, kiangazi chote kitatukuta mikono mitupu. Maji ya bomba yanatoka mara mbili kwa wiki na yametiwa klorini, ambayo nayo huua bakteria. Mama amesema yakikaa wazi siku nzima kwenye jua klorini inaruka. Basi kila nyumba imeleta ndoo. Zimepangwa ua mzima, nyekundu, bluu, moja ina picha ya katuni.

Saa nne Bibi Nesi alipita na kuzifunika zote kwa vitambaa safi, kwa sababu ya vumbi. Mama alingoja aondoke, akazifunua. Bibi alirudi saa sita, akastaajabia upepo wa siku hizi, akazifunika tena. Mama Pacha alikuwa anaona yote na hakuelewa. Aliniuliza kama hawa wawili wana ugomvi au wanacheza.

Nilicheka, kisha nikaingia kwenye kibanda cha pampu nikakaa humo mpaka kicheko kiishe.

Jumamosi, 22 Juni

Kila asubuhi Bibi Nesi anakuja kukaa kando ya tangi kama mtu aliye zamu wodini. Anawatazama mashavu, anawatazama macho. Anasema ni kitu cha majini. Anasema labda kokoto hazikuoshwa vizuri zile za chini kabisa, labda turudie.

"Hapana," alisema Mama, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa mtu mzima.

Bibi alitazama kucha zake mwenyewe. Kisha akasema msimamizi akisema hapana ni hapana, akainuka kwa kushika ukingo wa tangi, akaenda zake.

Nilimchukia leo. Nimeandika, basi limeandikwa. Nilichukia aproni yake na mikono yake inayonuka sabuni. Yeye ndiye aliyeleta haya na yeye ndiye anayeondoka kwa heshima, na Mama ndiye aliyebaki amesimama kama mkosefu.

Jumapili, 23 Juni

Leo nimepita kwa Bibi kurudisha beseni. Nimemkuta amekaa, taa hajawasha, anajiuliza peke yake: "Nimekosea wapi kuwatazama?" Alidhani simsikii. Nimeweka beseni mlangoni nikaondoka. Sasa siwezi hata kumchukia.

Mjomba alipiga.

Jumatano, 26 Juni

Nilikuwa na wazo, na usingizi ulinipaa kwa furaha. Mabomba ya zamani! Yalikuwa na ukoga ndani, na ukoga ni ule ule. Nilikwenda kwa fundi kabla ya shule. Kwa mara ya kwanza hakusema kesho. Alisema anayo yote, ameyatunza vizuri, akanipandisha ngazi kunionyesha. Yalikuwa juu ya bati, yamepangwa kwa safu, kwenye jua kali, tangu siku ile. Alikuwa amefikiri yakikauka yatakuwa mepesi kusafisha.

Nilikwangua ndani kwa kijiti. Ukatoka unga mweupe.

Nikamshukuru. Sikujua la kufanya zaidi ya kumshukuru. Naona hii ndiyo kazi yetu mwaka huu, kuwashukuru watu.

Jumapili, 30 Juni

Samaki wa tangi moja wamekwisha kabisa. Tumelizimia pampu. Sikujua kwamba kimya kinaweza kutoka upande mmoja tu.

Mjomba hakuuliza kama ameamua. Alisema nafasi itashikiliwa mpaka Agosti mwanzoni, halafu atapewa mtu mwingine. Mama alisema ameelewa.

Alhamisi, 4 Julai

Mtihani wa sayansi. Swali la saba: eleza faida za bakteria. Nimeandika ukurasa mzima na kuomba karatasi nyingine.

Jumanne, 9 Julai

Amonia imeshuka kidogo. Njano yenye ukijani. Niliruka, lakini Mama aliniambia nisiruke bado. Bakteria wa kwanza wamefika, wale wanaoila amonia, lakini wanachotoa nacho ni sumu, na bakteria wa pili wa kukila hicho hawajafika. Kitu hicho nacho kina kichupa chake cha kupimia. Rangi ya usalama ni bluu. Yetu ni zambarau nzito kama kitambaa cha sherehe.

Bibi Nesi ameleta chumvi ya jikoni kidogo kwenye kikombe. Alisoma mahali, au alikumbuka, kwamba chumvi kidogo huwasaidia samaki wa namna hii kupumua. Aliuliza kwa unyenyekevu kama chumvi ni kemikali. Mama alisema ni wazo zuri, akaitia. Waliosalia wametulia kidogo. Bibi alimtazama Mama usoni muda mrefu, kana kwamba anangoja aambiwe neno la pili. Mama alikuwa anakoroga maji.

Jumatatu, 15 Julai

Mboga zimekuwa za njano. Kwanza majani ya chini, sasa hata ya juu. Hazina wa kuzilisha.

Mama Pacha amekuja na mfuko mdogo chini ya kanga, kama mtu anayevusha magendo. Mbolea ya dukani. Kijiko kimoja kila shina, alisema, na wiki mbili hazipiti kabla majani hayajawa kijani yakakusalimia. Nani atajua? Yule mpishi anafumba macho akila.

"Mimi nitajua," alisema Mama.

"Dada, kujua hakuajiriwi."

Mama alisema mbolea hiyo ina amonia ndani yake, itawamaliza samaki waliobaki. Mama Pacha akajibu kwa upole kwamba waliobaki ni wa kuwahesabu kwa macho, lakini mtoto wake ni mmoja tu. Alinionyesha kwa kidevu. Mama aliuchukua ule mfuko, akaushika muda wote waliokuwa wakiongea mambo mengine, na Mama Pacha alipoinuka kuondoka akaurudisha mikononi mwake.

Nitaandika ukweli kama Mwalimu alivyosema. Niliomba kimoyomoyo autie.

Jumatano, 17 Julai

Upepo. Umeme umekatika. Tumepiga maji kwa mikono na vikombe ili yapate hewa, kwa zamu, mpaka jioni. Bibi Nesi alikataa kupumzika. Hatukupoteza hata mmoja.

Jumapili, 21 Julai

Zambarau. Mjomba.

Ijumaa, 26 Julai

Zambarau.

Jumatano, 31 Julai

Mpishi mkuu alikuja na kreti tupu mbili, mpya. Alipita makasha yote. Safari hii hakufumba macho. Alichuma jani, akalizungusha mbele ya jua, akaona mwanga unapita. Aliuliza kilichotokea, na Mama akasema mfumo umepata mtikisiko. Alisema anaelewa, kilimo ni kilimo. Lakini alisema wanafunzi wanakula kila siku, na kuna shamba jingine ng'ambo limejitokeza, pengine mwakani. Alimshika Mama mkono kwa mikono miwili.

Aliacha zile kreti. Alisema zitatufaa. Nadhani aliona haya kuondoka nazo tupu.

Leo si Jumapili, lakini jioni Mama alipiga simu yeye. Nilisikia upande wake tu. "Ndiyo. Nimeamua. Ndiyo, kaka. Jumamosi ya wiki ijayo."

Alhamisi, 1 Agosti

Nitakaa kwa Bibi Nesi. Wameshapanga. Mama ameniambia nitakuwa na chumba changu na kwamba kucha zangu zitakuwa safi kuliko za waziri.

Jumamosi, 3 Agosti

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Nilikwenda kwa Bibi na sanduku la kwanza la nguo. Alikuwa ameniandalia kitanda, shuka zimekunjwa pembe kama za hospitali. Aliniambia nikae. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, huku akinyoosha mto uliokuwa umenyooka: "Ni yale maji ya moto, sivyo?"

Niliahidi kutosema. Lakini sikuahidi kudanganya, na hilo nililifikiria haraka kuliko nilivyowahi kufikiria kitu. Nilinyamaza. Alihesabu kimya changu kama anavyohesabu mapigo ya moyo, akachukua kanga yake, akatoka. Nilimfuata. Magoti yale yalikwenda mbio.

Mama alikuwa bustanini anafunga kreti kwa kamba.

"Tangu siku ya kwanza ulijua," Bibi alisema.

Mama aliniangalia. Nikatikisa kichwa, kwamba sikusema. Akasema: "Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuja tena hapa, Bibi?"

"Ningekuja. Ningekuja na aibu yangu, lakini ningekuja." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na afadhali ingepanda. "Maisha yangu yote nimewapa watu habari mbaya. Nimewaambia akina mama kuhusu watoto wao. Mimi mwenyewe ukaniona siwezi kuambiwa kuhusu samaki?"

Mama alikaa juu ya kreti.

Bibi aliuliza basi ni nini kilichotakiwa, ni kitu gani kingesaidia. Mama akamwambia: kokoto chafu, mbichi, kutoka bustani nyingine, hata ndoo moja. Bibi alishika kiuno. Alisema anamjua binti mmoja ng'ambo, aliyezaliwa mikononi mwake kama walivyozaliwa wanawe wawili, ambaye anafanya kazi kwenye kituo cha kufuga samaki. Huko wana mapipa ya kokoto za namna hiyo mpaka hawana pa kuyaweka. Angempigia Jumatatu, Jumanne ndoo ingekuwa kwenye boti.

"Jumanne ipi?" Mama aliuliza, ingawa sote tulijua.

"Ile waliyokuja wageni."

Pampu ya tangi lililobaki ilikuwa inavuma. Siku zote hizi nilidhani tumefungwa na upepo, na kiangazi, na bakteria wasiokuja kwa kuitwa. Mama alidhani anamhurumia. Na huruma yake ilikuwa imesimama mlangoni muda wote, inazuia msaada usiingie. Siwezi kumlaumu. Nami nilikuwa nimesimama mlango huo huo.

Bibi ndiye aliyesogea kwanza. Alikaa juu ya kreti ya pili. Akauliza kama hata sasa ndoo ingefaa. Mama akasema kwa bustani ingefaa. Hakusema kwa nini haingefaa kwa jingine. Mjomba ameshatoa neno, chuo kimeshachukua shamba jingine, na nauli imeshalipwa.

"Basi nampigia," Bibi alisema.

Jumapili, 4 Agosti

Simu haikulia leo. Nimeshangaa nilivyokuwa naingoja.

Jumatano, 7 Agosti

Mama ananifundisha vichupa vyote, na jinsi ya kugonga tangi. Liko tupu mpaka chini ya kiuno. Bibi anasikiliza pembeni, anauliza maswali mazuri. Amesema bila kuulizwa kwamba atajifunza kuacha vitu vichafu, ila tumpe muda, ni sawa na kumfundisha paka kuogelea.

Jumamosi, 10 Agosti

Boti iliyomchukua Mama ndiyo iliyoleta ndoo.

Tulisimama gatini sisi watatu. Mabaharia walishusha magunia, kisha magodoro, kisha ndoo moja ya plastiki yenye mfuniko uliofungwa kwa mpira, na karatasi iliyobandikwa yenye jina la kazi la Bibi: NESI MKUU. Bibi alitia saini. Mabaharia waliuliza ni dawa gani inayonuka hivyo. Bibi akawaambia hiyo ndiyo isiyo dawa.

Boti haikai sana. Walikuwa wanaita abiria. Mama alipiga magoti pale pale kwenye saruji, na begi lake mgongoni, akafungua mfuniko. Ndani kulikuwa na kokoto nyeusi zenye ute, zimezama kwenye maji ya kahawia. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alichota konzi moja, akainusa, akafumba macho kama yule mpishi wa chuo.

"Wazima," alisema.

Akazirudisha. Bibi alimpa kitambaa cha kujifutia, cheupe, kilichopigwa pasi. Mama alikitazama, akakataa kwa kichwa. Alinikumbatia kwa mkono ule mkavu na mkono ule wenye tope akauweka mbali na sare yangu, kisha akabadili mawazo akanikumbatia kwa yote miwili. Alisema nile. Alisema nisome. Alisema konzi mbili za kokoto kwa kila kasha, katikati, ndani kabisa, na nizizike zisione mwanga.

Akapanda.

Nilitaka kubaki mpaka boti iwe ndogo. Lakini jua lilikuwa limeshapanda, ndoo ilikuwa inavuja kidogo kwenye ufa, na kokoto zikikauka bakteria wanakufa. Bibi alishika mpini upande mmoja, nikashika upande mwingine. Ni nzito. Tulilazimika kutembea tukiwa tumeipa bahari mgongo, kwa hatua moja, tukiangalia maji yasimwagike, kwa hiyo sikuona kama Mama alipunga mkono.

Bibi aliniambia alipunga. Lakini naye alikuwa anaangalia ndoo.